Mawe ya Tofua yanapasuka kila Jumatano

Saa nane mchana, Jumatano. Uaisele Taukolo amechuchumaa kando ya shimo la umu, tanuri la ardhini la mawe ya moto, nyuma ya hoteli moja ya ufukweni, magharibi mwa Tongatapu, kisiwa kikuu cha Tonga. Ameshika mawe mawili meusi, moja kila mkono. Anayagonga moja moja kwenye jiwe la tatu na kusikiliza, kama mtu anayechagua nazi sokoni.

La kwanza linalia kavu na kali. Hilo analipeleka pembeni kabisa mwa shimo. La pili linatoa mlio wa debe bovu. Analipanga juu, katikati.

"Hili limeshakufa," anasema. "Acha limwagiwe hili."

Kuni zinawashwa saa tisa. Kufikia saa kumi na moja na nusu mawe yamekuwa mekundu, na wageni wapatao sitini wamezunguka shimo wakiwa na vinywaji na simu. Meneja wa hoteli, Havili, anatokea jikoni akiwa na ndoo.

"Maji, Uaisele."

"Subiri kidogo, bosi. Moto bado haujakaa sawa."

"Wiki iliyopita ulisema hivyohivyo. Watu wameshashika simu zao."

"Waambie washike vijiko."

Binamu yake aliye upande wa pili wa shimo anageuka kuficha kicheko. Havili hacheki. Anaimwaga ndoo yeye mwenyewe, yote kwa mara moja. Mvuke unapanda hadi juu ya paa la makuti, wageni wanashangilia, simu zinainuliwa. Katikati ya mshindo huo, mwenye kujua asikilize nini atasikia milio miwili mikavu: ta, kisha ta.

Uaisele anamwonyesha binamu yake vidole viwili. Mawili.

Umu ya Tonga haimwagiwi maji. Unyevu wake unatoka kwenye vigogo vya mgomba vilivyopondwa, kwenye majani na kwenye tui la nazi. Jiwe jekundu likipigwa na maji ya baridi hupasuka, kama si leo basi wiki ijayo. Wafanyakazi wa hoteli hiyo, wote Watonga, wanalijua hilo. Lakini mwenye hoteli anaishi ng'ambo, na huko aliwahi kuona video ya tanuri la shimoni la watu wa nchi nyingine, ambao desturi yao ni kumwaga maji. Aliupenda ule mvuke. Akaagiza uwepo.

Chakula chenyewe hakipikwi shimoni. Nguruwe, magimbi na viazi vikuu vinaivia kwenye majiko ya gesi ya hoteli tangu saa sita, kisha vinafungwa majani, vinalazwa juu ya mawe, vinafunikwa udongo kwa dakika ishirini na kufukuliwa kwa mlio wa kombe na makofi.

"Nafukua chakula ambacho sikukizika mimi," anasema Uaisele. "Na napigiwa makofi."

Kwa kazi hiyo analipwa pa'anga 40 kila Jumatano. Ni chini ya alichokuwa akipata kwa kupika nguruwe mmoja wa harusi. Hakuifuata hela. Mawe yale ni ya babu yake.

Tongatapu ni kisiwa cha matumbawe. Ukichimba popote utakuta jiwe jeupe, na jiwe jeupe halifai jikoni: motoni linapasuka na kutema vipande, na likizidi joto linageuka chokaa. Jiwe la umu lazima lizaliwe na moto. Kwa hiyo mwaka 1961 babu yake, Taniela, alipanda boti la kubebea mbata hadi Tofua, kisiwa cha volkano katika visiwa vya Ha'apai, pamoja na wanaume sita. Walikaa siku tatu chini ya mlima wakichagua mawe, kila moja kubwa kuliko ngumi na dogo kuliko kichwa cha mtoto. Mmoja wao alivunjika mguu. Walirudi kijijini kwao, Masilamea, na mawe 160.

Kwa miaka sitini na zaidi ukoo huo ulipoteza mawe 17 tu. Hayo mengine 143 yaliivisha harusi, misiba, sherehe za mwaka wa kwanza wa watoto na karamu za kanisa za vijiji vitano.

Uaisele, mwenye umri wa miaka 52, alianza kuyapanga akiwa na miaka kumi na mitano. Hana saa ya jikoni wala kipimajoto. Huweka kiganja juu ya mawe na kuhesabu. Akiondoa mkono kabla ya tatu, mawe ni makali mno kwa lu, yale majani ya magimbi yanayofungwa na nyama na tui, yataungua. Akifika sita, nguruwe hataiva mapajani. Nne ndiyo yenyewe. Watu wa Masilamea wanasema hajawahi kufunua umu ikakutwa mbichi.

"Si mikono yangu," anasema. "Ni mawe. Mawe yale yanashika joto mpaka watu wanatoka kanisani. Mimi nayapanga tu."

Mwaka juzi paa la nyumba yake liliezuliwa na kimbunga. Machi mwaka jana, ili apate fedha za kuezeka upya, alijiandikisha kwenda Australia kuchuma nyanya kwa miezi saba. Mawe aliyaacha chini ya kibanda cha mabati nyuma ya nyumba, yamepangwa, yamefunikwa gunia.

Agosti, shangazi yake alifika na lori la hoteli.

Seluvaia ana miaka 71 na ndiye dada mkubwa wa marehemu baba yake Uaisele. Katika nyumba ya kaka yake, yeye ndiye mkubwa kuliko wote, na cheo hicho Watonga wanakiita fahu. Akitaka mkeka, anachukua. Akitaka nguruwe, anaelekeza kidole. Watoto wa kaka yake hawamkatalii, hawabishani naye, na hawamwulizi sababu.

Mke wa Uaisele, Fipe, ndiye aliyempokea.

"Aliniuliza, 'Fipe, mawe ya baba yangu yako wapi?' Nikamwambia, 'Yako kibandani, Shangazi.' Akasema, 'Haya, yapakieni.' Nikamwambia, 'Shangazi, Uaisele hayupo.' Akanitazama. Akasema, 'Kwani nimemuulizia Uaisele?'"

Fipe anaongeza: "Nilisaidia kupakia. Liandike na hilo. Niliyabeba kwa mikono hii hii, halafu nikamchemshia chai."

Seluvaia hakuuza mawe hayo. Alimpa Havili bure, kwa ahadi moja: hoteli ingesimamisha kibao chenye jina la baba yake, Taniela, ili kila mgeni alisome. Kibao kimesimamishwa. Kina jina la hoteli, picha ya nguruwe, na saa za kuanza onyesho.

Uaisele alirudi Oktoba na kukuta kibanda kitupu. Siku ya pili yake alikwenda kumsalimia shangazi, kama inavyompasa, na blanketi jipya na katoni ya nyama ya kopo.

"Alinipokea vizuri sana," anasema. "Akaniuliza mbona nimekonda. Nikamwambia ni kazi. Hakutaja mawe. Sikutaja mawe. Nikala, nikashukuru, nikaondoka. Nilipofika barabarani nilipiga teke mti mpaka ukucha ukang'oka."

Novemba kanisa la Masilamea lilikuwa na karamu ya mwaka. Watu walimtegemea Uaisele kama kawaida yao, na Uaisele, kwa mara ya kwanza maishani, alifanya jambo ambalo angemchapa mwanawe kwa kulifanya. Aliokota mawe meupe kando ya barabara mpya, yale mazito zaidi, akayakausha juani wiki nzima, akajiambia kwamba pengine moto mdogo yatauhimili.

Hayakuuhimili. La kwanza liliruka dakika ya arobaini na kumpiga juu ya jicho, akashonwa nyuzi tatu. Yaliyobaki yalionekana kutulia, akapanga chakula, akafunika. Alipofunua baada ya ibada, vifurushi arobaini vya lu vilikuwa vimejaa unga mweupe, na nguruwe wa mchungaji alikuwa mbichi upande mmoja na mweupe upande wa pili kama ukuta wa zahanati.

Hakuna aliyemlaumu mezani. Lawama zilimsubiri kwenye kikao cha kava, kinywaji cha mizizi wanachokunywa wanaume pamoja, Ijumaa iliyofuata.

"Uaisele, sadaka ya rangi ya kanisa umeitoa wewe peke yako!"

"Mwacheni jamani. Nyumba yangu inahitaji kupakwa Desemba. Uaisele, nguruwe wawili wanatosha?"

"Mimi tumbo langu halina nyufa tena. Limezibwa."

Alicheka nao, kwa sababu mtu asiyecheka kwenye kava huchekwa mara mbili. Kisha akaacha kwenda. Oda za harusi za Desemba zilikuwa nne. Zote zilihamia kwa mtu mwingine.

Januari alikwenda hotelini kuomba kazi.

"Havili alifurahi. Akasema, 'Mwenye mawe kaja!' Alisema hivyo mbele ya watu. Kwa hiyo anajua ni ya nani. Hawezi kuniambia hajui."

Siku hiyo ya kwanza aliyagonga yote, moja baada ya jingine. Mawe 11 yalikuwa yameshapasuka. Tangu hapo kila Jumatano amekuwa akifanya alichofanya leo: yaliyokufa juu katikati, ambako ndoo inamwagwa, mazima pembeni. Hilo hupunguza hasara lakini haliizuii, kwa kuwa ndoo ya Havili ni ya lita ishirini na maji hayachagui pa kwenda.

Alimweleza Havili mara tatu. Jibu la mara ya tatu analikariri neno kwa neno: "Mzee, mawe ni mawe. Kisiwa kizima ni mawe."

"Mtonga mwenzangu," anasema Uaisele. "Aliyekulia Nukunuku. Anajua kabisa tunatembea juu ya nini. Mgeni angeniambia hivyo ningemwelewesha. Yeye nimweleweshe nini?"

Kuyadai mawe hakuweza. Kwenda kwa meneja na kusema "rudisha" kungekuwa sawa na kusema shangazi yake hakuwa na haki ya kuyatoa, na neno hilo mtoto wa kaka halisemi. Kumwomba shangazi ayafuate kungekuwa kumwambia alikosea. Hilo nalo halisemi. Mei yote alikuwa haongei nyumbani.

Fipe ndiye aliyepata njia. "Nilikuwa nafua," anasema. "Nikajiuliza, hivi Shangazi naye, nani ni shangazi yake?"

Seluvaia alikuwa na shangazi, ndiyo, dada yake Taniela. Alikufa zamani. Lakini damu ya dada iko juu ya damu ya kaka hata vikipita vizazi viwili, na marehemu yule aliacha mjukuu mmoja aliyebaki kisiwani. Anaitwa Kaloni Vea. Ana miaka 24 na anauza mafuta katika kituo kimoja cha Nuku'alofa, zamu ya asubuhi.

Uaisele na Fipe walimfuata kwake na mkeka na nguruwe. Waliketi chini. Kaloni aliwacheka.

"Mimi nimwamrishe Seluvaia? Yule mama alinizaba kofi nikiwa na miaka sita kwa sababu nilikuwa natafuna kanisani!"

"Hakutakiwa kukuzaba," Fipe akamwambia.

"Hilo nalijua sasa. Siku ile aliyejua ni shavu langu."

Alikubali baada ya wiki moja. Jumamosi, siku kumi na moja kabla ya onyesho hili la leo, alikwenda Masilamea moja kwa moja kutoka zamuni, akiwa na shati la kituo cha mafuta na mkeka wa heshima umefungwa kiunoni juu yake. Uaisele na Fipe waliketi mlangoni. Seluvaia alikuwa anakula.

Kaloni hakusalimia kwanza. Alikaa, akaivuta sahani ya Seluvaia kutoka mbele yake, akala kipande cha pweza kilichobaki. Uaisele anasema hajawahi kumwona mtu yeyote akigusa sahani ya shangazi yake. Seluvaia alitazama mikono yake mwenyewe.

"Nataka mawe ya babu," Kaloni akasema.

"Nani kakutuma?"

"Katika nyumba hii hakuna wa kunituma mimi."

Kisha Seluvaia akasema, "Mawe nimeshayatoa, mwanangu."

"Usiniite mwanao leo, Seluvaia. Yatoe huko yaliko. Yote yaliyo hai. Na yaliyokufa uyahesabu mwenyewe, kwa mkono wako."

Mwanamke wa miaka 71 akainamisha kichwa mbele ya muuza mafuta wa miaka 24 na kusema ndiyo. Walipotoka nje, Kaloni alishika ukuta. "Pweza alikuwa mtamu, lakini," akasema.

Jumatatu ya wiki hii Seluvaia alivaa nguo yake ya kanisa akaenda hotelini. Alisubirishwa ukumbini saa moja na dakika kumi. Alipoingia ofisini, Havili alimwonyesha barua ambayo Seluvaia mwenyewe aliitia sahihi Agosti. Ilisema ametoa "mawe ya mapambo ya bustani", milele, bila masharti. Hakuna mahali ilipotaja kibao wala Taniela.

Alipoulizwa kuhusu hilo, Havili alijibu kwa sentensi mbili. "Hoteli ina barua. Mengine muulizeni mwenye mali." Mwenye mali hajajibu barua pepe mbili alizotumiwa.

Seluvaia alitoka pale akapita nyuma, hadi shimoni. Mawe yalikuwa yamepoa. Aligonga mawe yote kwa mkono wake kama alivyoagizwa, gauni lake jeupe likiwa magotini ndani ya majivu. Ilimchukua asubuhi nzima. Mpishi mmoja wa hoteli alimletea kiti, akakikataa.

Alipofika nyumbani alimwita Uaisele. Hakuomba radhi. Fahu haombi radhi kwa mtoto wa kaka yake. Alisema jambo moja: Jumatano ya wiki ijayo, saa mbili asubuhi, mawe yakiwa baridi, atakwenda na lori la kanisa. Ataketi juu ya shimo. Kati ya wanaume watano wanaoendesha onyesho la hoteli, wanne ni watoto wa kaka zake, na amewaagiza wote wanne wafike na magunia.

Havili amesema ataita polisi. Seluvaia amejibu kwamba polisi wa kumwinua hapo watahitaji kuwa wanne, maana yeye si mwepesi.

Uaisele atakuwepo. Ameshachimba shimo jipya nyumbani, pana kidogo kuliko lile la zamani, ameshakata kuni za wiki tatu, na mtu wa kijiji cha Fo'ui anayeoza bintiye Septemba amemwambia atangoja hadi Alhamisi kabla ya kumpa kazi mwingine. Hajui kama lori litatoka pale na mzigo. Anajua kwamba likitoka tupu, hatarudi tena kupanga mawe hotelini, na mengine yote yatakwisha kabla ya Krismasi ya mwakani, kwa ndoo moja kwa wiki.

Baadaye, nyumbani kwake, anaulizwa kama amemsamehe shangazi yake. Fipe anaacha kukuna nazi.

"Akifa, mimi ndiye nitakayekuwa jikoni," anasema. "Ndiyo nafasi yangu kwake. Nitavaa mkeka uliochakaa, nitanyoa kichwa, nitawapikia waombolezaji siku kumi, na hakuna atakayelala njaa. Nitafanya vizuri kuliko nilivyowahi kufanya. Lakini hasira ninayo. Sitamwambia usoni, siruhusiwi. Gazetini si usoni."

Anainama kuhakikisha yanayoandikwa.

"Andika mawe 46 yamekufa. Tarakimu, usiandike kwa maneno. Macho ya Shangazi yamechoka, lakini tarakimu bado anaziona."